Mkono wa Faustini Kwenye Kioo

Asubuhi ile nilikuwa nasia mbegu za kabichi kitaluni. Mbegu zenyewe nilikuwa nimetoka nazo kwetu Mlola, nimezifunga kwenye pindo la khanga, maana mimi siamini mbegu ya mtu nisiyemjua. Majirani zangu kule Rwanda walinicheka sana: mama wa Kitanzania kavuka nchi nzima na mbegu za kabichi kiunoni! Niliwaacha wacheke. Kabichi zangu zilipofunga walikuja wenyewe kuomba miche.

Kilima tulichokaa kilifanana na milima yetu ya Usambara kiasi kwamba wiki za mwanzo nilikuwa nikiamka najiona nyumbani. Ukungu uleule wa asubuhi, matuta yaleyale, migomba mpaka mlangoni. Mume wangu Yusufu alikuwa dereva wa lori, akibeba mizigo kutoka bandari ya Tanga mpaka kwao Rwanda. Alinikuta Mombo pale magari yanaposimama, nauza mapeasi, akanunua beseni zima, safari iliyofuata akanunua tena, mpaka kaka yangu Hoza akamwambia, mgosi, bwana wewe, hutaki mapeasi. Yusufu alikuwa Mtutsi. Neno hilo nilipoolewa halikunisumbua hata kidogo. Kwetu kabila ni jambo la kutaniana: Mpare utamwita bahili, naye atacheka na kukurudishia la kwako. Sikujua kama kuna mahali watu wanaliandika kwenye kitambulisho na kuliweka akiba.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Zaina. Asubuhi hiyo alikuwa pembeni yangu, anachimba vishimo vyake mwenyewe na kuvifukia bila mbegu. Alivaa sweta la manjano alilofumiwa na mama yangu Mlola, refu kidogo mikononi, kwa sababu bibi yake alilifuma kwa kukisia.

Akapita Faustini, jirani yetu wa mteremko wa chini, fundi wa kufyatua matofali.

"Shikamoo, mama Zaina."

"Marahaba, Faustini. Kazini?"

"Kazini, mama."

Kule hawana shikamoo. Ilikuwa ni mimi niliyemfundisha. Faustini alitaka Yusufu amchukue awe utingo wa lori mpaka Tanga, nami nikamwambia kwetu huwezi kupanda gari la mtu mzima humwamkii. Akaishika ile shikamoo kuliko mtoto wa madrasa. Kila asubuhi alinipa shikamoo yangu, kilima kizima yeye peke yake, na sitaona aibu kusema kwamba niliipenda. Mtu akiwa ugenini, salamu ya kwao inamtuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho ya kawaida.

Kesho yake redio ilitangaza kifo cha rais, halafu ikaanza kusema maneno ambayo Yusufu hakutaka kunitafsiria. Alikuwa nyumbani wiki hiyo, lori liko Kigali linapakuliwa. Mchana akasema anakwenda ng'ambo ya bonde kumtazama mama yake, atarudi kabla ya chai ya jioni. Hakurudi. Jirani wa mama mkwe, mzee mmoja mwoga lakini mwenye utu, alikuja akipita migombani kutuambia kwamba wote wawili wameuawa na kwamba amewazika nyuma ya zizi. Yusufu, basi, najua alipo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu huniuliza juu ya mume, na mimi juu ya mume sina swali.

Tulijificha kwenye shamba la mtama mimi na Zaina. Mvua ilitunyeshea. Tulipoona watu wanaelekea mashariki kwa makundi, tukaingia kati yao. Nilikuwa na hati yangu ya kusafiria ya Tanzania, nimeivingirisha kwenye nailoni. Nilidhani itatutosha wawili.

Kizuizi kilikuwa kwenye kona, gogo limelazwa barabarani. Wanaume wamesimama na mapanga, wengine na marungu.

Mmoja wao alikuwa Faustini.

Aliniona. Akahamisha panga kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Shikamoo, mama Zaina."

"Marahaba," nikajibu.

Nilijibu. Ndivyo nilivyolelewa, mdomo ulijibu wenyewe. Na moyo ukapata matumaini, nikasema hapa tumepona.

Alichukua hati, akaifungua, akawaambia wenzake kwamba huyu ni Mtanzania, apite. Mwenzake akauliza juu ya mtoto.

"Mtoto ni wa baba yake," Faustini alisema.

Akamshika Zaina mkono. Alimshika taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Zaina alimjua. Hakulia. Alinitazama mimi ili aone kama inafaa kwenda.

Niliruka. Nikapigwa mgongoni na kitu kizito.

Nilipoinua uso nililiona sweta la manjano likishuka pembeni ya barabara. Watu wa nyuma wakanisukuma mbele, wanakimbia, wananikanyaga, wananinyanyua. Nilipoweza kugeuka, kona ilikuwa imekwisha nificha.

Sikuona zaidi ya hapo.

Nilivuka daraja la Rusumo pamoja na umati, nikakaa kambini Ngara, na siku moja dereva aliyemfahamu Yusufu akaniona kwenye foleni ya maji. Alinipandisha lori mpaka Mombo, na pale Hoza alikuja kunichukua. Hakuniuliza kitu njia nzima ya kupanda mlima. Mama ndiye aliyeuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, akanipita mimi kwa macho akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

Nilimweleza yaliyotokea kizuizini. Akasema sikuulizi hilo, nakuuliza yuko wapi.

Swali hilo mama hakuliacha. Kwetu watu wetu wamelala shambani, kando ya migomba, ukienda kukata majani ya ng'ombe unawapita na unawajua mmoja mmoja. Shehe wetu alikuja kutueleza kwa upole kwamba dini inaturuhusu kumsalia maiti asiye mbele yetu, na tukasali. Lakini mama alikataa kuanua tanga. Alitaka udongo wa mahali Zaina alipo, hata wa kujaza kiganja, auweke karibu na babu yake. Mpaka hapo, alisema, mimi bado niko msibani na asiniambie mtu nipakue pilau. Miaka yote hiyo hakwenda harusi ya mtu. Alikaa kwenye mkeka uleule, akafuma masweta ya watoto wa jirani, na hakugusa tena uzi wa manjano.

Nchi kwa wakati huo ilikuwa inafunguka kila upande. Mabasi ya watu binafsi yakawa yanagombania abiria Lushoto, mitumba ikajaa sokoni, wanunuzi kutoka Dar wakawa wanapanda wenyewe mpaka Mlola kuchukua kabichi shambani na kukupangia bei kama vile waliilima wao. Zikaja simu za mkononi, zikaja deki za mikanda ya video na baadaye za santuri, yaani CD. Kila kitu kilikuwa kinafika milimani, isipokuwa habari ya mtoto wangu.

Ndipo akaja Neema. Alikuja na gari jeupe la mradi, dada wa makamo, msomi kutoka Dar es Salaam, mwenye adabu zake. Alituamkia vizuri, akakaa kwenye mkeka na mama ingawa alivaa sketi ya ofisini. Alisema mradi wao ni wa maridhiano. Wanakusanya shuhuda za walionusurika, popote walipo Afrika Mashariki, wanaziweka kwenye kompyuta. Wafungwa waliokiri makosa kule Rwanda nao wanapigwa picha wakizungumza. Halafu wanabadilishana.

"Wewe unamwona yeye, yeye anakuona wewe, mama Zaina. Bila mtu kusafiri."

Hoza alikuwa anapanga kabichi kwenye matenga, akasimama. "Kwa hiyo mtu anaomba msamaha kwenye televisheni?"

"Kwenye kompyuta, kaka."

"Ni yaleyale. Na mwenye msiba akitaka kumzaba kofi, anaizaba kompyuta?"

Neema alicheka, lakini aliona kwamba sisi wengine hatucheki. Akatoa jina. Faustini alikuwa hai, yuko gerezani, amekiri, na amenitaja mimi kwa jina la mtoto wangu.

Mama aliacha kufuma. Akamwambia Neema kwa Kisambaa, nami nikatafsiri: "Muulizeni amemweka wapi."

Kwa hilo moja nilikubali. Msamaha, maridhiano, Taifa jipya, hayo niliyasikia na sikuyakataa, lakini nataka ieleweke wazi kwamba mimi nilishuka Lushoto kwa ajili ya swali moja.

Ofisi yao ilikuwa nyuma ya maduka, juu ya soko. Ndani kulikuwa na kompyuta kubwa yenye kisogo kama cha televisheni ya zamani, kamera ya miguu mitatu, na jenereta nje kwa sababu umeme ulikuwa ukikatika kila mvua ikinyesha, na Lushoto mvua hainyimi. Fundi wao aliitwa Chande, mtu wa Tanga mjini, mpole, anayefuta ile mashine kwa kitambaa kama anayefuta mtoto kamasi. Nilieleza yote niliyoyaeleza hapa, na zaidi. Nilieleza sweta. Nilieleza lilivyokuwa refu mikononi na kwa nini.

Chande akaangalia kioo, akamnong'oneza Neema. Neema akanijia.

"Mama, ni ndefu. Faili likiwa kubwa hivi mtandao unakwama, halitafika. Tunaweza kufupisha? Labda hapo pa sweta."

"Punguzeni pangu mimi," nikamwambia. "Pa Zaina msiguse."

Wakasema sawa. Baadaye nilipoomba kuutazama ushahidi wangu, nikaambiwa umefungwa kwa neno la siri, uko salama, hauwezi kuguswa na mtu yeyote. Kumbe na mimi nilikuwa mmoja wa hao mtu yeyote.

Santuri ya kwanza ya Faustini ilifika wakati wa kiangazi. Nilikalishwa mbele ya kompyuta, na kamera ikawashwa kunielekea mimi, kwa sababu walitaka kuona nitakavyopokea. Kioo kikawa cheusi, halafu akatokea. Alikuwa amekonda, amevaa nguo za rangi ya waridi za wafungwa wa kule, mvi zimemwingia. Akatazama moja kwa moja kama vile ananiona.

"Shikamoo, mama Zaina."

"Marahaba."

Nilikwisha jibu. Mtu yeyote wa kwetu atanielewa. Ukiamkiwa na mdogo wako, mdomo haungoji ruhusa. Hata kwenye redio wapo wanaojibu salamu za mtangazaji. Nikasikia sauti yangu mwenyewe mle ofisini, nikatamani kuimeza. Nilihisi nimerudi kwenye gogo lile barabarani, na panga linahama mkono.

Faustini aliendelea. Alisema alifanya, alisema nani alimwamuru, alisema hapati usingizi, akaomba radhi kwangu, kwa marehemu Yusufu na kwa Mungu. Alilia. Sitamwonea, alilia kweli. Lakini alimaliza bila kusema mahali.

"Hajajibu," nikasema.

Neema alinishika bega. Akaeleza kwamba swali langu lilikuwa halijamfikia wakati anarekodiwa, kwamba watalipeleka sasa kwa barua pepe, na safari hii watamtoa gerezani kwa kibali wampeleke kwenye kilima alikomwacha mtoto. Alikaa kwenye kompyuta akaliandika mbele yangu: Mama Zaina anauliza, mtoto yuko wapi? Akabonyeza. Nilirudi Mlola nikamwambia mama kwamba swali limekwenda, limekwenda muda uleule nikiwa naangalia. Mama akauliza, limekwenda na gari gani.

Basi nikaanza kungoja. Kila siku ya soko nilishuka na mzigo wangu, nikiuza nisiuze, nikapanda ngazi za ofisi ile. Bado, mama. Mtandao uko chini, mama. Faili limekuja lakini halifunguki. Faili limefunguka lakini halina sauti, tumewaambia walitume tena. Makao makuu wanahariri. Neno hilo, kuhariri, nilijifunza pale, na mpaka leo sipendi kulisikia. Nilikuwa nimengoja miaka kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa nilikuwa nangoja jibu ambalo watu fulani, kwenye chumba fulani, walikuwa nalo tayari. Kungoja kwa namna hii kunachosha zaidi. Nilimgombeza Chande siku moja mbele ya watu, maskini, akaniletea kiti na chai. Nilikunywa chai yake nikaendelea kumgombeza.

Halafu Neema akaja Mlola mwenyewe, amefurahi. Filamu imekamilika. Itaonyeshwa kwenye ukumbi Lushoto kabla ya kwenda Rwanda kuonyeshwa shuleni. Nikamuuliza jibu limo?

"Amepelekwa kilimani, mama. Yumo."

Mama alitaka kwenda lakini miguu ilikuwa imekwisha kataa na macho yana ukungu. Akanipa kitambaa cheupe nifungie udongo. Nilimwambia, mama, ni filamu, si safari. Akasema, wewe kichukue.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wakubwa wa wilaya, mashehe na wachungaji wamekaa safu moja, akina mama wa kwaya, wanafunzi, na Hoza amevaa koti. Ukutani walitandika shuka nyeupe, Chande akawasha mashine ya kumulika.

Nilijiona. Uso wangu mkubwa kuliko mlango. Nikasikia maneno yangu machache yamepangwa upya, sweta halimo. Halafu akaja Faustini na nguo zake za waridi, kilio chake, ombi lake. Halafu nikaja tena mimi, nimeinamisha kichwa kidogo, nasema marahaba.

Salamu ilikuwa imekuja kwanza, kabla ya maneno yake yote. Wao wakaitoa mwanzo wakaiweka mwisho, baada ya kuomba radhi. Na picha wakaipunguza mwendo, na muziki ukapanda.

Ukumbi ulipiga makofi. Mama mmoja pembeni yangu alinikumbatia akilia, akasema nina moyo wa pekee. Sikuweza hata kumsukuma.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Faustini amesimama nje, kwenye mteremko. Nyuma yake migomba na ukungu. Mtu kama anamuuliza jambo nyuma ya kamera, naye anatikisa kichwa kukubali. Anafungua mdomo, anazungumza, ananyoosha mkono wake wa kulia, anaonyesha. Anazungumza tena, anaonyesha vilevile, mkono unashuka kidogo kama mtu anayesema si hapo juu, ni chini yake.

Na juu ya mdomo wake ilikuwa sauti ya mwanamume mwingine. Sauti nzuri, laini, inasema kwamba teknolojia imeziunganisha nyoyo zilizotengana na kwamba leo kitufe kimoja kinaweza kujenga daraja.

Nilisimama.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Chande.

Watu wakageuka. Chande akamtazama Neema, Neema akaitikia, akarudisha. Mkono ukanyooka tena.

"Mtoe huyo bwana anayeongea. Nataka kumsikia Faustini."

"Mama," Chande alisema, "haiwezekani kumtoa. Wakishaweka sauti juu yake, zinakuwa kitu kimoja. Ya chini inakuwa haipo."

"Haipo wapi? Si huyo mdomo unacheza?"

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Neema alitoka nje kwenda kutafuta mahali penye mawimbi ya simu, juu kidogo barabarani. Nilimfuata. Nilimsikia akiongea na makao makuu, kwanza kwa sauti ya ofisini, kisha kwa sauti ya mtu anayebembeleza, kisha akawa anasikiliza tu. Alipogeuka nilikuwa nimekwisha jua.

Juu ya kanda ya kamera ilirekodiwa kazi nyingine. Ile ya kwenye kompyuta ilifutwa kwa sababu diski ilijaa, na filamu ilikuwa imekwisha kamilika. Waliohariri hawakuelewa maneno yake, waliutazama mkono tu. Aliyeshika kamera alikuwa mgeni wa kukodiwa, haelewi Kiswahili wala Kinyarwanda, swali alilisoma kwenye karatasi tu, na amekwisha rudi kwao. Askari waliomsindikiza walikaa kwenye gari kwa ajili ya mvua, na siku hiyo walizungusha wafungwa wengi vilima vingi, hawakumbuki chake ni kipi.

"Basi amuulize mtu Faustini tena."

Neema aliiweka simu mkobani, akachukua muda mrefu kuifunga zipu.

"Amefariki, mama. Aliugua baada ya ile safari. Hata sisi ndiyo wametuambia sasa hivi."

Nilimuuliza jambo moja tu kuhusu ile salamu yangu. Nilimuuliza kwa nini marahaba yangu wameiweka pale. Yeye ni mtoto wa Kitanzania, ameamkia watu maisha yake yote, anajua.

"Najua, mama," alisema. "Niliwaambia ni salamu tu. Wakasema inafaa sana."

Alilia barabarani pale, na wanafunzi wakipita wanatutazama. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonikausha kabisa. Faustini alijibu! Mtu aliyeniua mimi nikiwa hai alipandishwa kilima, akaulizwa swali la mama yangu, akalijibu lote kwa mdomo na kwa mkono. Na waliokuja kutupatanisha ndio waliomfunika mdomo, bila ubaya wowote, ili filamu itoke vizuri.

Sitasema kompyuta ni mbaya. Neema aliniambia, na ninamwamini, kwamba kuna mwanamke mahali pengine aliyepata mifupa ya kaka zake kwa njia hiihii, mfungwa alisema, sauti ikafika, watu wakaenda na majembe. Namfurahia mwanamke huyo. Pia niliulizia Rwanda kwa watu waliorudi. Wakasema waliochukuliwa kwenye kizuizi kile walitawanywa kwenye vilima vingi, na kwamba migomba na ukungu viko kila mahali, wanionyeshe kilima kipi? Mradi ulifunga ofisi mvua zilizofuata. Chande kabla hajaondoka aliniletea santuri ya filamu mwenyewe, mpaka Mlola, kwa miguu kutoka barabarani, akasalimiana na mama, hakunywa hata maji.

Nilichopoteza mimi ni mume, mtoto, na kaburi la mtoto. Viwili vya kwanza vilichukuliwa na watu wenye mapanga, na wale nimejifunza kuishi nikiwajua walivyo. Hiki cha tatu kilikuwa kimekwisha patikana. Kilikuwepo duniani kwa muda, kwenye waya na mashine, mtu angeweza kukisikiliza. Hapo ndipo moyo wangu unapogoma, hata sasa.

Hoza ana televisheni ndogo na deki yake, zinatumia betri ya gari. Siku santuri ilipoletwa aliiwasha, akaondoa sauti yote, akatuacha. Mama alisogezwa mpaka karibu kabisa na kioo. Haoni sura, anaona mwanga na kitu kinachotembea. Alikuwa na kile kitambaa cheupe magotini.

"Ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

"Anasema?"

"Anasema, mama."

"Amesema yuko wapi?"

Kwenye kioo Faustini alinyoosha mkono. Nikaunyoosha wangu vilevile, nikauchukua mkono wa mama nikauweka juu yake ili aufuate kwa vidole mpaka mwisho. Ulikuwa umeelekea ukutani, kwenye majembe ya Hoza. Mama aligeuza uso upande ule akatulia, kama anayejaribu kukadiria njia.

"Ni mbali kutoka barabarani?" aliniuliza. "Maana miguu yangu unaijua."

Nikamwambia si mbali.